Usipime Kiwanja Mwezi wa Desemba

Kijana akija kuniomba nikamtazamie kiwanja kabla hajajenga, swali langu la kwanza huwa hili: chakula cha mchana tutakula nini? Wengi hucheka, wakidhani mzee ana njaa. Njaa ninayo, sikatai, lakini sababu si hiyo. Nataka tule palepale kiwanjani, tumekaa chini, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa, jua likiwa kali na upepo ukipanda kutoka tambarare. Mtu asiyeweza kukaa muda huo kwenye ardhi yake mwenyewe wakati wa joto hajui anajenga wapi.

Nimestaafu sasa. Naishi Njoro, napalilia mchicha na kugombana na kuku wa jirani. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya misitu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa moto: kuuzuia, kuuzima, na kuufuata nyuma ukishapita ili kujua ulianzia wapi. Kupima viwanja vya watu hakukuwamo kwenye barua yangu ya ajira. Watu waliokuwa wakijenga karibu na msitu, au huko chini kwenye nyasi, walisikia kwamba Theofili anajua moto unapenda kupita wapi, wakaanza kuniita. Na mimi napenda kuitwa, basi nikaenda.

Nawaandikia ninyi vijana wa mlima huu kwa sababu naona mnakojenga. Babu zenu hawakuhitaji mtu kama mimi. Walijenga katikati ya kihamba, shamba la ukoo, migomba huku na kahawa kule, mfereji wa maji unapita nyuma ya nyumba, ardhi ina unyevu hata Februari. Moto wa nyasi ukifika pale unakosa cha kula. Lakini vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa kama shuka la mtoto, ukifunika miguu kichwa kinabaki nje. Kwa hiyo mnashuka kwenye mashamba ya chini, ambako zamani watu walikwenda kulima mahindi na kurudi jioni, au mnapanda kubanana na msitu. Siwalaumu. Ila mnakwenda na akili ya kihamba mahali pasipo kihamba, na hapo ndipo tunapoanza kuongea.

Aliyenifundisha kula kiwanjani ni Mzee Aminieli, msimamizi wangu wa kwanza, Mlutheri wa Marangu, mwembamba, mwenye sauti ndogo na dharau kubwa. Alikuwa akibeba kiburu chake kwenye jani la mgomba, ndizi na maharage vimepondwa vizuri, na hakuwa akimkaribisha mtu mpaka kazi iishe. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kiwanja cha jamaa mmoja aliyekwisha kuchimba msingi. Tulikaa. Nilisubiri atoe vifaa. Ilipofika kama saa nane akatoa mfukoni unyoya wa kuku, akauinua juu ya kichwa, akauachia.

Unyoya ule ulipanda mteremko, ukapita juu ya majani, ukaenda kutua ndani ya msingi.

"Umeona?" akasema. "Mchana upepo unapanda, na moto ukipata upepo na mteremko haurudi nyuma kusalimia."

Tangu siku hiyo natembea na unyoya. Mke wangu amechoka kuukuta kwenye mashati anapofua.

Mzee huyo huyo alinicheka mpaka mbege yake, pombe ya ndizi, ikamwagika, na nilistahili. Alinionyesha mti wenye alama ya kuungua kwenye shina, akaniuliza moto ulitoka wapi. Nikaangalia, nikaona weusi umepanda juu zaidi upande unaotazama mlima. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ulitoka mlimani. Kumbe ni kinyume chake. Moto ukipanda kutoka chini hulipita shina kwa pande zote mbili, kisha ndimi zake hukutana nyuma yake na kukwea, kama maji ya mfereji yanavyovimba nyuma ya jiwe. Kwa hiyo weusi ukiwa juu zaidi upande wa mlimani, jua kwamba moto ulitoka chini. Mkifika kiwanjani, tazameni miti kabla ya kutazama mandhari. Chimbeni kidogo kwa panga. Mkikuta vipande vya mkaa chini ya udongo mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuchoma mkaa, moto umeshapita hapo, na mahali ulipopita mara moja unapajua.

Halafu waulizeni watu. Si wauzaji. Muuzaji atakwambia hapa hapajawahi kuungua tangu dunia iumbwe. Waulizeni wachungaji, waulizeni wanaorina asali, waulizeni akina mama wanaokata majani ya ng'ombe. Hao wanajua kila korongo. Na korongo likielekea kwenye uwanja wako kutoka chini, hilo ni bomba la moshi, moto utapanda humo kwa kasi ambayo hata kijana wa mbio hataiweza.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu wa Kibosho aliyezungushia nyumba yake ua wa misaipresi, ile mnayoiita miti ya Krismasi, imekatwa vizuri sana, imegusa mpaka madirisha. Nikamwambia aiondoe. Akanitazama kama mwanafunzi mjinga. "Bwana Theofili, hii ni kijani mwaka mzima. Kitu kibichi kitawakaje?" Sikubishana. Niliingiza mkono ndani ya ua, ambako jua halifiki, nikavunja tawi, likatoka kavu limebeba majani ya kahawia. Nikaliwasha katikati ya uwanja ili aone. Aliona. Liliwaka kwa mlio, likanichoma nyusi ya kushoto yote, na nikarudi kazini nikiwa na nyusi moja. Mke wa mwalimu alicheka siku nzima, lakini Jumamosi ile ua ulikatwa. Mpaka leo nikikosa hoja huwa natamani kuwa na tawi kavu karibu.

Siku hizi mnakuja na ramani za simu. Mhandisi mmoja kijana, mwenye adabu kabisa, alinionyesha kiwanja chake kwenye kioo. Kinaonekana kutoka angani, kijani kitupu. "Mzee, hii area iko poa," akasema. Nikamuuliza picha hiyo ilipigwa mwezi gani. Hakujua. Mimi sizikatai ramani, zimenisaidia sana kuona makorongo yanavyokwenda. Lakini ramani iliyopigwa wakati wa mvua ni sawa na kumchumbia mtu siku ya harusi ya mwenzake, kila mmoja amependeza.

Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea hapohapo, nikiwa mtu mzima, mwenye sifa zangu zote. Hiki ndicho hasa ninachotaka kuwasimulia.

Mnajua desturi yetu. Mwaka mzima tupo Dar, Mwanza, Arusha, Nairobi. Desemba ikifika kila Mchaga anarudi nyumbani. Ndipo harusi zinafungwa, ndipo vikao vya ukoo vinakaa, na ndipo viwanja vinauzwa na kununuliwa. Mvua za vuli zimetoka kunyesha. Mteremko wote una nyasi laini, mbuzi mwenyewe anasita kuzikanyaga. Mnunuzi anapiga picha, anarudi mjini baada ya mwaka mpya, na ardhi yake haioni tena mpaka Desemba nyingine. Nawajua watu wanaomiliki viwanja kwa miaka mingi na hawajawahi kuviona vikiwa vikavu hata siku moja. Hilo ni kosa letu sisi. Watu wa makabila mengine hawalifanyi kwa sababu hawana wazimu wa Krismasi kama wetu.

Deogratias, au Deo, alikuwa mtoto wa kiume wa katikati katika nyumba moja ya Rombo. Mnajua maana yake: mkubwa hupewa sehemu ya kihamba, mdogo hubaki na nyumba ya baba, wa katikati hupewa baraka. Alikwenda Dar, akauza vipuri vya magari, akahangaika, akapata. Akanunua kiwanja upande wa chini, chini ya barabara ya kwenda Tarakea, mahali penye mteremko mzuri unaotazama tambarare yote mpaka Kenya. Mama yake, Bibi Sabina, mjane, alitangaza mapema kwamba nyumba ikiisha atahamia yeye na ng'ombe wake, kwa sababu kule kihambani yeye na mkamwana wake walikuwa wamegombana mpaka kuhusu chumvi.

Deo aliniomba nikatazame kiwanja kabla ya kujenga. Siku aliyoniita ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi. Nilikuwa nakwenda harusini. Nilikuwa nimevaa suti na viatu vipya vyeusi, nimekula nyama tangu asubuhi, na Deo alinipokea kwa glasi. Nilisimama juu, karibu na barabara, nikatazama chini. Nyasi zilifika chini ya goti, kijani. Niliona mstari wa masale, yale majani yetu ya mpaka, yakitenganisha kiwanja cha Deo na cha jirani wa chini. Niliona kwamba kuna korongo kule chini, kwa sababu niliona vichwa vya vichaka vyake. Kulifikia kungetaka kushuka kwenye tope. Nikavitazama viatu vyangu.

"Jenga," nikamwambia.

Sikula chakula pale. Sikuuachia unyoya. Sikumuuliza mtu yeyote. Neno moja, nikaenda kucheza muziki.

Akajenga. Nyumba nzuri, bati jekundu, marumaru sakafuni, veranda kubwa upande wa bondeni. Bibi Sabina akahamia na ng'ombe wake. Deo na mkewe na watoto wakabaki Dar. Mwaka ukapita na nusu yake, mimi nimeshasahau.

Ikaja Septemba. Nilikuwa natoka Tarakea kikazi, kwenye pikipiki ya ofisi, nikakumbuka kwamba nyumba ya Deo iko hapo, nikasema nikamsalimie bibi. Nilipopinda kwenye uchochoro nikasimamisha pikipiki. Sikuweza kuendelea.

Nyasi za kiwanja cha chini zilikuwa zimefika kifuani, njano, kavu kabisa, zimelala kidogo kuelekea juu kwa upepo wa mchana. Lile korongo ambalo sikulishukia lilikuwa linapanda moja kwa moja, bila kupinda, na mdomo wake ulitazama veranda. Na ukutani, chini ya upenu wa paa, Bibi Sabina alikuwa amepanga mabua ya mahindi ya ng'ombe wake, mzigo juu ya mzigo, mpaka yamegusa mbao za paa. Mwanamke wa miaka sabini na zaidi, anakaa peke yake, na mimi ndiye niliyesema jenga. Nawaambia kweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa mbele ya moto wenyewe.

Bibi alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona unatazama nyasi kama umepoteza kitu?"

Nikaanza kuzunguka kwa maneno. Nikasema hali ya hewa siku hizi imebadilika, mvua hazitabiriki, ukame umezidi, wataalamu wanasema hivi, wataalamu wanasema vile. Alinisikiliza huku akipuliza chai.

"Theofili," akasema, "nyasi hizi zilikuwepo. Zilikuwa fupi tu. Wewe ulikuja umeshiba."

Mficha uchi hazai. Nikakaa kwenye ngazi ya veranda nikasema neno ambalo katika kazi yangu yote nilikuwa nimelitamka mara chache mno. "Nilikosea, mama. Ningekuja siku kama ya leo, nisingekubali nyumba ikae hapa. Ningemwambia Deo asogee juu kabisa, pale karibu na barabara."

"Haya," akasema. "Nyumba haina miguu. Sasa tunafanyaje?"

Hapo ndipo nilipopata nguvu, kwa sababu kufanya najua. Nikamweleza kwamba moto ukija utatoka chini, mchana, na kwamba uwanja wa Deo peke yake hautoshi, maana kutoka veranda mpaka kwenye masale ni hatua kumi na tano tu. Zikumbukeni hizo, ninyi mnaofyeka kwenu vizuri na kulala usingizi. Hatari ya nyumba yako mara nyingi iko kwenye ardhi ya jirani. Tulihitaji hatua sabini kwenda chini, na hamsini na tano kati ya hizo zilikuwa za mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanza, mtu wa Desemba kama wote. Bibi Sabina alikuwa na namba yake. Nikampigia mimi, nikazungumza kitaalamu sana. Nikamweleza mwelekeo wa upepo, urefu wa nyasi, ukanda wa kuzuia moto, hatari kwa maisha na mali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nakuheshimu," akasema, "lakini dawa hiyo naijua. Leo mtafyeka, kesho masale yatasogea, keshokutwa mimi naitwa kwenye baraza la ardhi. Hapana." Akakata.

Sikuweza kumlaumu. Kwenye mlima huu wenye ardhi haba, mkono unaofyeka ndio mkono unaodai. Watu wamepoteza viwanja hivyohivyo, wakiwa mbali, kwa jirani aliyeanza na "nilikusaidia tu kusafisha". Nikakaa na simu mkononi nikiwaza kwenda kwa mtendaji wa kijiji, niandike barua, nisubiri majibu, na huku kila siku upepo unakausha.

"Nipe hiyo simu," akasema Bibi Sabina.

Akapiga yeye. Akamsalimia yule mama, akauliza watoto, akauliza biashara, akauliza joto la Mwanza, akampa pole ya joto la Mwanza. Mimi nikawa napima veranda kwa hatua kwa kukosa subira. Kisha akasema, "Mwanangu, nina ng'ombe mmoja hapa. Naomba majani."

Nilisikia sauti ya upande wa pili ikilainika. "Kata, mama, kata. Ng'ombe asilale njaa kwa ajili yangu."

"Tuko wengi wa Jumuiya ya kanisani, mwanangu. Wenzangu wanatoka juu kule, wanapita hapa kwenda mbali kutafuta majani."

"Kateni wote."

"Mpaka korongoni?"

"Mpaka korongoni, mama. Mniombee tu."

Ninyi mliozaliwa mjini nitawaeleza. Kwetu ng'ombe hatoki bandani, hana pa kuchungwa. Chakula chake kinatafutwa na kubebwa, mara nyingi kichwani mwa mwanamke. Kwa hiyo kuombana majani ni jambo la tangu enzi. Anayekuomba majani hadai ardhi, hapati haki yoyote, na kila mtu anajua hivyo, hata wazee wa baraza. Na mtu anayemnyima ng'ombe majani anatajwa vibaya mpaka kwenye msiba wake. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka yote nikiandika barua za kuomba ukanda wa kuzuia moto, na haikunijia hata siku moja kuomba majani.

Jumamosi walishuka. Wanawake ishirini na zaidi wa Jumuiya, mundu mkononi, kanga kiunoni, wakiimba nyimbo za kanisani. Nami nikaenda na fyekeo langu. Waliniweka pembeni ili nisimkate mtu. "Bwana misitu anafyeka kama ananyoa ndevu," mmoja akasema, na wakalirudia hilo kutwa nzima. Yale majani yenye uhai yalikwenda kuliwa. Yaliyokauka kabisa yalikwenda kutandikwa mabandani, yageuke samadi ya migomba. Siku ya pili yake baada ya misa walimalizia. Nikapima kwa miguu: hatua sabini na nane, nyasi zimebaki kimo cha kidole, mpaka kwenye mdomo wa korongo. Masale hayakuguswa hata jani.

Kilichobaki ni yale mabua, na hapo nilikaribia kushindwa. Katika yote niliyomwambia Bibi Sabina, hilo ndilo lililomkera.

"Tangu nimeolewa mabua yanakaa ukutani," akasema. "Hayaloi, hayaibiwi. Sasa wewe unataka niyatupe porini?"

"Ulikoolewa kulikuwa na migomba pande zote, mama. Hapa cheche moja ikitua kwenye mabua haya, inapanda kwenye paa kwa ngazi uliyoijenga mwenyewe."

"Basi yabebe wewe."

Nikayabeba. Kichwani, mzigo baada ya mzigo, mtumishi wa serikali mwenye mvi. Niliyapeleka upande wa juu, hatua arobaini kutoka nyumbani, na mjue kwa nini juu: upepo wa mchana ukipanda, moto wa mabua utakwenda zake mlimani na hautarudi nyumbani. Ningeyaweka chini ningekuwa nimeuandalia moto chakula cha njiani. Tukasafisha na gata za paa, tukaziba kwa wavu mdogo wa chuma ile mianya chini ya bati ambako cheche hupenda kujipenyeza. Nikamwonyesha bibi mahali pa kusimama na ng'ombe siku ikitokea: kwenye uwanja mtupu upande wa barabara, mbali na mabua, si ndani.

Wiki ya tatu baada ya kufyeka, saa tisa mchana, simu ikalia ofisini.

"Theofili, moto unapanda," akasema Bibi Sabina, akakata.

Kutoka pale ni mwendo wa dakika arobaini. Niliwapigia watu wa kijijini, nikapanda pikipiki. Tangu mbali niliona moshi, mweusi chini na mweupe juu, ukipanda palepale ninapopajua. Njia nzima niliomba, na niliomba vibaya, kwa amri: ichukue nyumba, niachie mama. Sijui hata sasa kama mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo.

Nilipofika, korongo lilikuwa jeusi. Nyasi zote zilizobaki chini kule zilikuwa majivu. Lakini pale akina mama walipokomea kukata, moto ulikuwa umelala. Ulilambalamba hatua chache kwenye visiki vya nyasi, ukapungua mpaka chini ya goti, na vijana wa jirani walikuwa wanaupigapiga na matawi mabichi, wengine tayari wanaongea mambo ya mpira. Nyumba ilikuwa imesimama. Ukuta wa veranda ulikuwa na masizi, basi.

Nikatazama juu. Mabua hayakuwepo. Cheche zilikuwa zimeruka juu ya paa zima, zikatua kwenye lile rundo, likaungua mpaka ardhi, na moshi wake ulikuwa bado unakwenda mlimani.

Bibi Sabina alikuwa kwenye uwanja mtupu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba ya ng'ombe mkononi. Nililia. Sikuona aibu wakati ule, wala sasa sioni.

"Unalia nini? Nyumba si hii hapa?"

"Nalilia mabua, mama."

"Hata mimi nayalilia," akasema. "Ng'ombe huyu atakula nini kesho?"

Kesho yake walipita akina mama wa Jumuiya, kila mmoja akateremsha mzigo mmoja mlangoni pake.

Na kesho hiyohiyo Deo akanipigia kutoka Dar. Sauti yake ilikuwa imejaa. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi Mzee Theofili alivyoona hatari mapema, akaja, akapanga kila kitu, akaokoa nyumba. Alinishukuru kwa Kiswahili, akanishukuru kwa Kichaga, akasema hana cha kunilipa. Nikaelewa kwamba ile siku ya viatu vipya bibi hakuitaja kabisa. Alikuwa ameniachia jina langu likiwa safi, na nikinyamaza hakuna atakayejua.

"Deo," nikamwambia, "usinishukuru. Mimi ndiye niliyekwambia ujenge pale, na sikushuka hata hatua kumi kutazama. Nilikosea. Aliyeokoa nyumba ni mama yako. Aliomba majani ya ng'ombe, mteremko ukanyolewa. Bila yule ng'ombe tusingepata ruhusa ya kukata hata jani moja."

Nilimsikia akiwaambia wateja wasubiri.

"Mzee," akasema taratibu, "mimi nimekuwa nikimsumbua mama auze yule ng'ombe. Mwaka mzima. Nimemwambia nyumba ya marumaru haiwezi kunuka samadi, nimemwambia watu wanatucheka. Juzi amekubali. Mnunuzi anakwenda kumchukua leo."

Mimi niliitazama ardhi ile siku moja nikiwa nimeshiba, yeye alimtazama mama yake mwaka mzima asimwone.

"Mzee, samahani, nikate simu," akasema. "Nimpigie yule bwana kabla hajafika."